Ajali ya Mteremko Ina Kinga

Ndugu Mhariri,

Nakuomba nafasi katika karatasi zetu hizi. Kama maneno yangu ni marefu, tafadhali usiyakate katikati, maana yakikatwa wenye kazi watasoma ile nusu iliyo nzuri kwao tu.

Mimi ni mtu wa njia. Kazi yangu ni reli, mataruma, kokoto na sururu, na shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Sikusomea uinjinia. Lakini nina macho, tena nina ubao na pimamaji, na hivyo vitatu vinatosha kwa jambo ninalotaka kuwaeleza.

Huko shuleni tulifundishwa methali isemayo ajali haina kinga. Tuliiandika ubaoni kwa chaki na mwalimu akatupa alama. Siku hizi naisikia kila mahali mtu anapoumia kazini. Nyapara huisema huku akijifuta jasho. Karani huisema kabla hajaanza kuandika ripoti. Hata sisi wenyewe huisema matangani tukishika vikombe vya chai, halafu tunakwenda nyumbani kulala. Basi mimi nasema, ndugu zangu, methali hii ikitajwa juu ya mashine iliyopinduka mteremkoni ni uongo, na kila anayeitaja ajiulize anamfunika nani.

Nitawapa habari yenyewe. Ilikuwa baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yamelila tuta la reli upande mmoja, na mfereji wa chini ulijaa matope na mawe. Kontrakta, ambaye simtaji kwa sababu shauri halijakwisha, alileta loda ndogo. Mnaijua: ile mashine fupi ya magurudumu manne yasiyokata kona, dereva amekaa ndani ya kizimba, ndoo iko mbele yake na injini iko nyuma ya mgongo wake. Wengine huita kila moja Bobcat, hata kama imetoka kiwanda kingine, kama vile watu wanavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Njia nzuri ya kufika mfereji ule ilikuwa kuzunguka mpaka kwenye kivuko cha barabara, mwendo wa kilomita 2 hivi, kisha kurudi kwa chini. Lakini njia ya reli ilikuwa imefungwa kwa saa chache tu, na treni ya mizigo ilikuwa inangoja. Nyapara akamwambia kijana wa loda, "Shuka hapa hapa. Au wewe si mwanamume?" Kijana akatazama chini, akatutazama sisi, akashuka. Ndoo ilikuwa imejaa mawe yaliyoloa, na ilikuwa juu, kwa sababu alikuwa ameinyanyua ili ipite juu ya reli. Alishuka akielekeza uso chini. Hakufika katikati. Magurudumu ya nyuma yaliinuka kama punda anayepiga mateke, mashine ikaanguka kifudifudi, kisha ikalala ubavu. Mkanda wa kiti ulikuwa umekatika kifungo tangu miezi mingi, na kijana mwenyewe alikuwa amesema habari hiyo mara mbili. Aliponaswa na woga akatoa mguu nje kujizuia. Chuma kiliukuta mguu ule nje.

Ripoti iliyoandikwa jioni ilikuwa na maneno matatu ya maana: uzembe wa dereva.

Kesho yake nilikwenda mahali pale na vyombo vyangu. Niliweka ncha moja ya ubao wa mita 1 juu ya mteremko, nikanyanyua ncha ya upande wa chini mpaka povu la pimamaji likakaa katikati, kisha nikapima kutoka ncha ile iliyo hewani kwenda ardhini. Sentimita 50. Maana yake ni kwamba kila mita 2 za kwenda mbele unashuka mita 1. Sisi watu wa reli huita hiyo 1 kwa 2, na kwa digrii ni kama 27. Kazi yote ilinichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara moja. Hakuna mtu aliyeifanya jana yake.

Sasa fikirini jambo hili, ninyi wenye kuijua reli. Njia yetu ya zamani, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, inapanda milima mikubwa, lakini 1 kwa 50 tayari tunaiita kali. Hiyo ni kama digrii 1 tu. Kwa digrii 1 hiyo dereva wa treni ana kitabu cha sheria, anajaribu breki kabla ya kushuka, ana mchanga wa kumwaga relini, ana mwendo aliopangiwa, na uzito wa mabehewa umeandikwa kwenye karatasi. Akivunja moja katika hayo anaitwa ofisini. Lakini kijana wa loda anateremshwa digrii 27, na kitabu chake cha sheria ni swali kama yeye ni mwanamume.

Hata wale waliojenga njia hii, walipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya njia ya kudumu kwisha, walishusha mabehewa kwa kamba za chuma, kwa sababu walijua mteremko ule haukubali kichwa cha treni. Sisemi walikuwa watu wema kwa wafanyi kazi. Wahindi karibu 2,500 walikufa katika ujenzi ule, na Waafrika waliokufa hakuna aliyewahesabu vizuri. Nasema tu kwamba hata wao walipima mlima kwanza.

Tuje kwenye mashine yenyewe, maana nataka kila mtu aelewe kwa nini ilipinduka, asije akadhani ni pepo.

Loda hii haikuzaliwa mlimani. Ilianzia jimbo la Minnesota huko Marekani, mwaka 1957, kwa mikono ya ndugu wawili mafundi walioitwa Keller. Mfugaji mmoja wa batamzinga alitaka mashine ndogo ya kuzoa mavi ndani ya banda lake, iweze kugeuka katikati ya nguzo. Wakamtengenezea. Kwa hiyo mashine hii asili yake ni sakafu iliyo sawa, mahali pembamba. Ndiyo sababu ni fupi, na magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yamekaribiana kama miguu ya kigoda. Kwenye sakafu ufupi huo ni faida. Kwenye mteremko ufupi huo ndio hatari yenyewe.

Tena ina tabia moja ambayo watu wengi hawaambiwi. Ndoo ikiwa tupu, uzito mwingi uko nyuma kwa sababu ya injini. Ndoo ikijaa, uzito unahamia mbele. Upande mzito lazima uwe juu ya mteremko siku zote. Basi kama ndoo ni tupu, unapanda kinyumenyume na unashuka ukielekeza uso chini. Kama ndoo imejaa, unapanda ukielekeza uso juu na unashuka kinyumenyume. Kijana wetu alishuka na mzigo, uso chini. Upande mzito ulikuwa chini, na ndoo ilikuwa juu. Hapo mashine imekwisha kupinduka. Inangoja tu jiwe moja dogo.

Mniulize, nani alimfundisha? Nilimwuliza mwenyewe hospitalini. Aliniambia, "Kaka, nilijifunza kwa kumtazama mwenzangu kwenye shamba la nyumba za kukodisha, wakati wa kujenga." Mahali pale palikuwa tambarare. Hajawahi hata siku moja kuambiwa habari ya upande mzito. Kitabu cha mashine kipo, nimekiona kwa macho yangu, kipya kabisa, kimefungwa ndani ya kabati la ofisi, tena kwa Kiingereza. Kitabu hicho hakikosi wala hakijui. Aliyekifungia kabatini ndiye mwenye kosa.

Juu ya ndoo sina haja ya kusema sana. Mmeona mabasi yenye mizigo mirefu juu ya keria yakiingia kona. Ndoo iliyo juu ni keria. Ikae chini, karibu na ardhi, kiasi cha kutogusa mawe tu, mpaka ufike mahali sawa.

Uzito, lakini, nitausema, kwa sababu hapo ndipo wenye kazi hutudanganya kwa hesabu. Kila loda ina kibao chenye namba ya kilo inazoruhusiwa kubeba. Nyapara huonyesha kibao kile kwa kidole na kusema, "Si hiyo? Inabeba!" Ndugu zangu, namba ile hupatikana mashine ikiwa imesimama juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Kwa loda ya magurudumu ni nusu ya uzito unaotosha kuipindua kwa mbele. Kwa ile ya minyororo ni asilimia 35. Namba hiyo ni ya tambarare. Mtelemshe mzigo mlimani na namba ile haikujui tena. Na hata hapo kwenye tambarare tazameni: tuseme kibao kinasema kilo 600, na ndoo inachukua mita za ujazo 0.4. Kokoto iliyoloa maji ina uzito wa karibu tani 2 kwa mita moja ya ujazo. Ndoo ikijaa ni kilo 800. Kijana amekwisha kupita kipimo kwa kilo 200 kabla hajauona mteremko, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu kwa macho ndoo ya mawe na ndoo ya majani makavu zinajaa sawasawa.

Halafu kuna kugeuka. Loda hii haikati kona kama gari. Inafunga au kupunguza mwendo wa magurudumu ya upande mmoja na kuyaburuza. Ukifanya hivyo juu ya tuta lililoloa, magurudumu yanachimba, udongo unateleza, na mara mashine imesimama kukingama mteremko. Mteremko uendwe moja kwa moja, juu kwenda chini au chini kwenda juu. Usikate ubavu. Ukitaka kugeuka, geuka juu kwenye usawa au chini kwenye usawa. Na ukingo wa tuta lililoliwa na maji usiukaribie, maana juu unaona majani mazuri na chini hakuna kitu. Nimewahi kuukanyaga mwenyewe kwa miguu nikazama mpaka gotini, nami sina uzito wa tani 3.

Wapo watakaouliza ni digrii ngapi zinazoruhusiwa. Mimi siwapi digrii. Kila mashine ina namba yake kitabuni, na mtu anayekupa digrii moja kwa mashine zote anakuuza. Ndiyo maana nataka kitabu kitoke kabatini.

Sasa habari ya mkanda na kizimba. Hapa nitawagombeza na sisi wenyewe. Kizimba kile cha chuma kimetengenezwa ili mashine ikipinduka kibebe uzito, kisikubali kumponda mtu aliye ndani. Lakini kinamlinda mtu aliyefungwa kitini tu. Mtu asiye na mkanda hurushwa, au hutoa mkono, au hutoa mguu, na chuma kilekile kilichowekwa kumwokoa humkata. Mashine ikianza kupinduka, baki ndani. Shika kwa nguvu, mikono na miguu iwe ndani, usiruke. Najua mwili unataka kuruka. Mwili haujui.

Na bado naona madereva wetu wamekalia mkanda kama mto. Naona ile bawa la chuma la kushusha mbele ya tumbo limefungwa kwa waya lisishuke, na swichi ya kiti imedanganywa kwa kipande cha waya ili mashine iende hata mtu akiwa amesimama. Ukiwauliza wanacheka. Wanasema mkanda ni wa watu waoga, tena unachelewesha. Nyapara anawaona na hasemi neno, kwa sababu anafurahia haraka yao. Siku mashine ikipinduka waya ule huonekana ghafula, hupigwa picha, na huwa ushahidi wa kwanza juu ya dereva. Ndugu, mnawapa kamba ya kuwafunga nayo.

Lakini kosa la mwenzangu halinifanyi nisahau aliyeanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, fungu la 6, haisemi dereva ajitafutie mafunzo. Inamwamuru mwenye mahali pa kazi kuweka mitambo na taratibu zilizo salama, na kutoa habari, mafundisho na usimamizi. Fungu la 9 linataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi. Sisi siku ile tulikuwa zaidi ya 30. Kamati sikuiona. Na fungu la 14, hili mlishike moyoni: mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwambie msimamizi wake, na akiondoka mahali pale kwa sababu ya haki ya kuogopa juu ya maisha yake, asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa hilo. Kwa hiyo kijana yule aliposimama juu ya tuta akatazama chini, alikuwa na haki ya kuzima injini, kushuka na kusema, "Mzee, hapa sishuki." Sheria ilikuwa upande wake. Hakuijua. Na sisi tulioijua kidogo tulinyamaza, nami nilikuwa mmoja wao. Jambo hilo linaniuma kuliko mambo yote niliyoandika hapa.

Sasa yale maneno matatu, uzembe wa dereva. Kijana ameambiwa kwamba kwa sababu ya maneno hayo hana fidia. Huo ni uongo wa pili. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamnyima fidia mtu aliyefanya kosa kwa makusudi na kwa ukaidi, tena hata huyo hainyimi kama ameumia vibaya sana au amekufa. Uzembe si makusudi. Kutojua si ukaidi. Kuamriwa na nyapara ndiyo kabisa. Mwenye kazi akipewa habari ya ajali ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi ripoti, na mfanyi kazi ana miezi 12 ya kudai. Karani anayeandika neno uzembe anajua kwamba haliwezi kushinda mbele ya sheria. Analiandika ili litishe, mtu akate tamaa, miezi 12 ipite akiwa amelala kitandani anajilaumu.

Wamisheni walionifundisha walituonyesha katika Torati ya Musa, Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, amri kwa mtu ajengaye nyumba mpya. Aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Angalieni anayeamriwa ni nani. Ni mwenye nyumba. Aliyeanguka hakuulizwa kama alikuwa mzembe. Mwalimu wetu alipita mstari ule haraka kwenda kwenye mambo mengine, lakini mimi ulinibaki kichwani, na miaka hii yote nimekuwa nikitafuta ukuta ule katika matuta yetu.

Najua majibu ya wenye kazi. Watasema treni ilikuwa inangoja na hasara ya treni ni kubwa. Nawajibu kwamba njia iliyokuwa ifunguliwe saa nane mchana ilifunguliwa usiku, kwa sababu loda ililala ubavu na ilibidi kuitafutia winchi. Kuzunguka kwenye kivuko kungechukua nusu saa. Watasema mashine kubwa ya kuchimba, ambayo ingesimama chini kwenye usawa na kunyoosha mkono wake juu, ni ghali kukodi. Ndiyo, ni ghali. Basi tuchimbiwe njia ya kushukia iliyo pole, au tupewe karai na sepetu tufanye kwa mikono kwa siku mbili, tumezoea. Watasema kijana hakukataa. Hapo nashindwa kuwajibu kwa adabu. Mtu wa mkataba wa miezi mitatu, mwenye mtoto wa mwaka mmoja, ataulizwa mbele ya watu 30 kama yeye ni mwanamume, kisha mwandike kwamba hakukataa?

Katika mkutano wa tawi nitaleta mambo haya, na nawaomba mje mniunge mkono au mnipinge usoni. Loda isishuke tuta lolote kabla mteremko haujapimwa na msimamizi na namba kuandikwa kitabuni pamoja na jina lake. Kitabu cha mashine kitolewe kabatini, na kurasa za mteremko zifasiriwe kwa Kiswahili na kubandikwa ndani ya kizimba. Mashine yenye mkanda uliokatika isiwashwe hata kwenye tambarare. Dereva akishuka kinyumenyume awe na mtu wa kumwongoza kwa mkono, naye asimame ubavuni mahali anapoonekana, wala si chini ya mashine. Na kamati ya usalama iundwe, watu wake wachaguliwe na sisi.

Kijana bado anatembea na magongo. Miezi yake 12 haijaisha, lakini imebaki michache. Fomu yake iko kwa katibu wa tawi, na mahali pa mashahidi pana jina moja tu, nalo ni langu. Tulikuwa zaidi ya 30 juu ya tuta siku ile. Katibu yuko ofisini kila Jumamosi asubuhi mpaka saa sita, na kalamu anayo.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Njia